Usinunue Kitu Chenye Maji

Oktoba 4
Ndoo ya nje imeamka na ngozi nyembamba ya barafu. Bibi Matrona aliigonga kwa kucha akasema, "Haya." Kisha akaketi na kusema mengine yote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyekuwa ameyaweka mdomoni tangu mazishi ya Babu, Julai. Mwaka huu ikifika Slaviq, Krismasi yetu ya Januari, nyumba yetu itaipokea Nyota, ile inayobebwa na kuzungushwa nyumba hadi nyumba, kwa ajili ya Babu. Kijiji kizima kitaingia, kitaimba, kitakula, na kila mtu, kuanzia mzee kuliko wote hadi mtoto wa mgongoni, ataondoka na zawadi mkononi.

"Na manunuzi utakwenda kuyafanya wewe, Nastasia."

Nilitazama nyuma, labda kuna Nastasia mwingine. Nilimaliza shule Mei bila kuinua mkono darasani hata siku moja.

"Magoti yangu hayapandi ndege tena," Bibi alisema. "Shangazi yako Elena yuko Anchorage, ana kadi ya lile duka kubwa la jumla. Wewe una mikono."

Tuko watu mia mbili na kumi na mmoja. Mmoja zaidi yuko njiani, tumboni mwa Katya, mke wa Mjomba Evon.

Oktoba 21
Katya amerudi kutoka hospitali ya mji wa Bethel na mtoto wa kiume. Wamempa jina la Babu, Wassillie, kwa hiyo Babu amerudi. Bibi alimpokea mlangoni akamfunua uso.

"Mume wangu! Umerudi bila meno. Si nilikwambia uyatunze?"

Mtoto akapiga chafya. Tulicheka mpaka Bibi akalia.

Novemba 9
Mto umeganda kingoni, katikati bado mweusi.

Novemba 30
Bibi ananiandikisha orodha, kisha anaifuta, kisha ananiandikisha tena. Soksi. Glavu za kazi. Taulo za jikoni. Peremende. Chai. Biskuti ngumu. Glavu ziwe nyingi kuliko vyote, kwa sababu Babu alikuwa anasahau zake kila mahali, na watu walikuwa wakimrudishia moja moja, hazifanani.

Hajataja juisi ya zabibu. Nami sijaitaja.

Kila Slaviq Babu alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na jiko, anawamiminia watoto juisi ya zabibu, halafu anapaza sauti: "Toeni ndimi!" Aliyekuwa na ulimi wa zambarau kuliko wote alipewa kofia ya Babu aivae mpaka jioni. Mimi niliivaa mara moja, nikiwa na miaka sita. Nilijificha nayo chini ya meza nisionekane.

Desemba 13, Anchorage
Shangazi Elena anaongea kama anagawa adhabu. Alinipokea uwanja wa ndege kwa maneno haya: "Mbona umevaa viatu vya kanisani? Tunakwenda vitani."

Nilishawahi kuingia duka lile nikiwa mdogo, ila nilikuwa ndani ya toroli. Ukiingia kwa miguu yako ni jambo jingine. Rafu zinafika kwenye paa. Kila kitu ni kikubwa na kila kitu kinaonekana rahisi, hata ambacho hukuwahi kukihitaji.

"Humu vitu vitakuita kwa jina," Shangazi alisema. "Usiitike."

Nikashika kopo la mayonezi lenye ukubwa wa kichwa cha mtu.

"Inua," akasema.

"Nimeinua."

"Sasa fikiria limekaa Bethel siku tano kwenye baridi. Likiyeyuka, mafuta huku, maji kule. Utamlisha nani? Rudisha."

Tulikwenda hivyo mstari kwa mstari. Yeye ananyoosha kidole, mimi nainua. Nepi: ndiyo, siku zote ndiyo. Viazi: hapana, vinafika vimeganda, vitamu, laini kama uji. Saladi ya majani: alicheka tu. Karatasi za chooni: "Nyepesi, lakini zinakula ndege nzima, na rubani atazishusha za kwanza." Kahawa, unga, betri, sabuni ya kipande: ndiyo. Sabuni ya maji: akanitazama mpaka nikaiweka chini.

"Sikiliza, Nasta. Unasafirisha kwa ratili. Ukinunua kitu chenye maji, unailipia ndege ibebe maji mpaka kijiji kilichokaa juu ya maji. Mto mzima mnao pale. Usinunue kitu chenye maji. Rudia."

"Usinunue kitu chenye maji."

"Kwa sauti."

Mwanamke anayegawa vipande vya soseji vya kuonja aliinua macho. Nilirudia kwa sauti. Nilitamani sakafu inimeze.

Nadhani hampendi mtu. Hajamtaja Babu hata mara moja tangu nifike, na Babu alikuwa baba yake mzazi.

Desemba 14, Anchorage
Tulirudi kumalizia glavu. Shangazi aliniacha na toroli karibu na malipo, akaenda kumchukulia mtoto Wassillie nepi.

Zilikuwa pale pale, mwisho wa rafu. Juisi ya zabibu, chupa mbili mbili, kila moja kubwa kama bata.

Nilichukua pakiti sita. Chupa kumi na mbili. Nilikwenda haraka, kama mwizi, ingawa nilijua nitalipa. Nikazifunika kwa taulo. Shangazi aliporudi alitupa nepi juu ya taulo, akatangulia mlangoni kutafuta gari, akaniachia kadi. Yule mzee wa mlangoni anayekagua risiti aliuliza, "Sherehe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akachora mstari wake, akaniruhusu.

Jioni nilifunga maboksi peke yangu, Shangazi akiwa kazini. Nilizivika chupa glavu, soksi na taulo, zisivunjike. Mbili katika kila boksi, maboksi sita. Maboksi mengine manne ni makavu. Yote kumi nimeyazungushia utepe wa gundi, nikaandika jina la Bibi, la kijiji na neno glavu kwa kalamu nene pande zote.

Bibi akiona watoto wametoa ndimi, atanisamehe uzito.

Desemba 16, nyumbani
Nimefika. Ndege ndogo kutoka Bethel ilinichukua mimi na boksi moja. Tisa yatakuja kesho.

Chupa mbili za boksi hili nimezificha chini ya kitanda changu.

Desemba 17
Mjomba Evon ndiye wakala wa ndege hapa kijijini. Kila asubuhi saa tatu anatangaza kwenye redio ya mawasiliano, na kila nyumba inasikiliza. Leo: "Ukungu. Hakuna ndege. Mkitaka kuruka, rukeni wenyewe."

Desemba 18
Ukungu. Hakuna ndege.

Desemba 19
Mvua! Desemba, mvua. Theluji imekuwa uji. Hakuna ndege, na mtoni juu ya barafu kuna maji. Bibi anatandika na kutandua kitambaa cha meza.

Desemba 21
Hakuna ndege. Mjomba: "Rubani anasema akiona mkono wake mwenyewe atakuja."

Bibi anaogopa hali hii ya joto. Mimi peke yangu katika kijiji hiki nashukuru. Joto likiendelea, juisi ni salama. Lakini joto likiendelea, ukungu hautoki na maboksi hayaji. Ukungu ukitoka, ni baridi imeufukuza. Usiku nikipiga magoti sijui niombe nini, kwa hiyo naomba tu kwa jumla.

Desemba 24
Nyota zimetoka. Nilisimama nje nikasikia theluji ikilia chini ya buti, ile sauti kavu. Digrii kumi chini ya sifuri.

Desemba 26
Ishirini chini ya sifuri. Ndege imekuja! Nilikimbia hadi uwanjani bila kofia. Walishuka abiria wanne, dawa za zahanati, na magunia ya barua.

"Maboksi?" nilimuuliza Mjomba.

"Watu kwanza, barua pili, soksi zako mwisho. Wewe mbona umekuwa mweupe hivyo? Soksi haziozi."

Desemba 27
Upepo. Hakuna ndege. Bibi amehesabu tena siku zilizobaki mpaka zamu yetu. Nyumba zinapokea Nyota kwa zamu, na yetu ni Januari 10.

Desemba 29
Nimepiga simu.

Nilianza asubuhi. Nilibonyeza namba ya ofisi ya mizigo Bethel, nikakata. Nikabonyeza tena, nikakata. Nikaandika maneno yangu kwenye karatasi, nikabonyeza, mwanamke akaitika, na karatasi ikawa kama imeandikwa Kirusi.

"Haloo? Nani huyo? Nasikia unapumua."

"Ni... maboksi. Tisa. Ya Matrona."

"Ah, ya Mama Matrona! Pole kwa mzee wenu. Yapo, usijali, mwanangu. Yako nje chini ya turubai."

"Nje?"

"Ndani pamejaa mizigo ya sikukuu. Lakini si nguo hizo? Boksi limeandikwa glavu."

Ningeweza kusema, kuna chupa ndani, tafadhali yaingizeni. Maneno hayafiki kumi. Nilikuwa nayo kwenye karatasi.

"Tangu lini yako nje?" nikauliza.

"Tangu Jumanne."

Jumanne, kabla ya ile baridi. Nilisema asante, nikakata. Halafu nikakaa na simu mapajani, kwa sababu nilielewa kwamba tayari imekwisha kutokea. Chupa ikiganda hupasuka. Zile kumi zilikuwa zimevaa zawadi za watu wote.

Desemba 30
Ishirini na nane chini ya sifuri. Hakuna ndege.

Desemba 31
Thelathini na sita chini. Kwa baridi hii ndege ndogo zinakatazwa kuruka. Bibi amepika supu ya samaki nikashindwa kuimeza. Akanishika paji la uso kama nina homa. Nilikaribia kusema. Akasema, "Umefanya kazi kubwa ya mtu mzima, mjukuu wangu. Babu yako angejivuna." Basi nikanyamaza tena.

Januari 1
Nimesema.

Bibi alikuwa anashona koti la mtoto Wassillie, la kumvisha siku hiyo, kwa sababu aliyebeba jina la marehemu ndiye anayepewa zawadi bora kuliko wote. Nilisimama mlangoni pa jikoni. Nilisema yote nikitazama sindano: juisi, chupa, jinsi nilivyozivika, turubai, Jumanne. Sindano haikusimama.

"Chupa ngapi?"

"Kumi kule. Mbili chini ya kitanda changu."

"Elena alikwambia nini kuhusu maji?"

"Nisinunue."

"Na mimi sikuandika juisi."

"Hukuandika, Bibi."

Alikata uzi kwa meno. Nilisikia mafuta yakidondoka ndani ya jiko. Nilitamani anigombeze. Kwetu mtu akikukasirikia kweli hakugombezi.

"Zabibu?" akauliza mwishowe.

"Zabibu."

Aliweka koti chini, akachukua kipaza cha redio, na kijiji chote kikamsikia: "Evon, njoo nyumbani. Uje na sleji kubwa."

Januari 3
Mjomba alinichukua nyuma yake kwenye pikipiki ya theluji, sleji ya mizigo ikiburutwa juu ya theluji. Nilidhani Bibi atanikataza kwenda. Alinifunga skafu mwenyewe, akaikaza kupita kiasi.

Mto wote ni barabara sasa, umewekewa matawi ya kuonyesha njia. Tulifika Bethel mchana. Yule mwanamke wa mizigo alipoliona boksi la kwanza, lina doa la zambarau kubwa kama sahani, alijishika kifua.

"Jamani, kuna damu!"

"Ni juisi," nilisema. Mara hii sauti ilitoka yenyewe.

Mjomba alipasua boksi kwa kisu. Ndani hapakuwa na glavu. Palikuwa na jiwe moja la barafu la zambarau lenye vidole vinavyochungulia. Aliligonga. Akaangalia lile lingine. Matano kati ya tisa yalikuwa hivyo.

"Nasta," alisema taratibu, "umezika jeshi zima humu."

Kisha akaanza kupakia.

Tulirudi kwa haraka kuwahi mwanga. Karibu na kona ya kambi ya zamani ya samaki, njia ilionekana nyeupe na nzuri, na haikuwa nzuri. Chini ya theluji palikuwa na maji yaliyopanda juu ya barafu. Pikipiki ilipita. Sleji ikazama mpaka katikati ya ubavu, ikakaa.

"Shuka! Fungua kamba! Maboksi kwanza!"

Niliingia kwenye maji mpaka magotini. Tulibeba moja moja hadi barafu kavu, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Yale makavu yalikuwa mepesi, unayakumbatia tu. Yale matano yalikuwa mazito kama watu waliokataa kuondoka. Katika la tatu nilianguka. Nililibeba nikilia na kamasi zikaganda mdomoni. Miguu ilikuwa inauma, halafu ikaacha kuuma, nikajua hiyo ni mbaya zaidi.

"Liache hilo!" Mjomba alipiga kelele. "Acha yote matano! Yamekwisha!"

"Yana glavu!"

"Yana barafu!"

"Yana glavu za Babu!"

Akanitazama. Sijawahi kumpazia sauti mtu mzima maishani mwangu. Akaingia majini, akashika upande wa pili wa boksi.

Sleji ilipochomoka tulivua buti pale pale. Aliniingizia miguu ndani ya koti lake, tumboni kwake, mpaka ikaanza kuuma tena. Meno yake yalikuwa yanagongana, na bado alipata la kusema.

"Ulikatazwa kununua maji. Mto umeona wivu, umetugawia ya bure."

Januari 4
Vidole vyote kumi vipo. Bibi amevihesabu mara tatu.

Januari 5
Maboksi matano tumeyaingiza katika nyumba ya bafu la mvuke, ile ndogo ya mbao nyuma ya kwa Mjomba. Moto umewashwa tangu asubuhi. Barafu inalia, sakafu yote ni zambarau. Wanawake wamekuja bila kuitwa, kwa sababu walimsikia Bibi redioni na kijiji hiki hakihitaji kuambiwa mara mbili. Wanatenganisha, wanasuuza, wanakamua. Kamba zimefungwa kwenye kila nyumba.

Doa halitoki. Limekuwa jepesi, lakini halitoki. Hakuna glavu hata moja ya maboksi yale iliyobaki nyeupe.

"Unaweza kumpa mzee taulo lenye doa?" nilimuuliza Katya.

Alimgeuza mtoto begani.

Januari 7
Krismasi. Nyota imeanza nyumba ya padri. Nimesimama nyuma ya watu. Nyota inazungushwa, karatasi zake zinang'aa, watu wanaimba, nami nahesabu siku tatu.

Januari 9
Ndege imekuja, na Shangazi Elena ndani yake. Aliingia bafuni moja kwa moja na koti lake la mjini, akaona soksi mia moja za zambarau zinaning'inia. Nilisubiri adhabu yangu.

"Nyingine zimetoka vizuri," alisema. "Kama maua."

"Nisamehe, Shangazi. Ulinikataza."

"Nilikukataza." Alichukua glavu moja, akaivaa. "Unadhani mimi ni kipofu? Nilitupa nepi juu ya taulo, ikagonga chupa. Kog! Kwenye duka zima."

Niligeuka nikamtazama.

"Basi mbona hukuzirudisha?"

Alikuwa anakunja vidole ndani ya glavu, kimoja kimoja.

"Nilivaa ile kofia mara nne," alisema. "Ningezirudishaje?"

Januari 10
Walikuja saa nane mchana. Nyumba ilijaa mpaka mlango ukabaki wazi na mvuke ukaingia nao. Waliimba. Nyota ilizunguka chini ya dari yetu ndogo, watu wakiinamisha vichwa. Walikula: supu ya kulungu wa kaskazini, samaki mkavu, matunda ya porini yaliyokorogwa na mafuta. Kisha wakanyamaza, kwa sababu sasa mwenye nyumba husema nyumba inamkumbuka nani, ndipo zawadi zinagawiwa.

Bibi hakusimama. Alinitazama.

Nilifikiri atanihurumia. Hakunihurumia. Akasogeza ndoo iliyogeuzwa kwa mguu wake mbovu, mpaka ikafika mbele yangu, karibu na jiko.

Niliingia chini ya kitanda nikatoa chupa mbili. Nikaketi kwenye ndoo ya Babu. Watu mia na kitu walikuwa wanatazama, na masikio yangu yalikuwa yanachemka.

"Zawadi zina doa," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo. Mzee mmoja aliweka mkono sikioni. Nikaanza upya. "Zawadi zetu zina doa. Ni mimi. Nilitaka juisi ya Babu, nikakatazwa, nikanunua hivyo hivyo, ikapasukia ndani. Hakuna aliyeniagiza. Mjomba Evon aliingia majini kwa sababu yake. Nyumba hii inamkumbuka Wassillie."

Nikafungua chupa. Nilimimina kidogo kidogo kwenye vikombe, watoto wakija mbele. Walipomaliza walibaki wamesimama, wananitazama, wanajua kuna kitu kimebaki.

"Toeni ndimi," nilisema.

Wakatoa wote. Nyuma yao, Mjomba Evon naye akatoa. Halafu yule mzee wa mkono sikioni, ambaye hakunywa hata tone, akatoa wake mrefu, wa kawaida kabisa, na nyumba ikapasuka kwa kicheko.

Bibi alichovya ncha ya kidole, akamgusa mtoto Wassillie mdomoni. Akalamba, akakunja uso, akatoa ulimi.

"Mume wangu ameshinda," Bibi alisema. "Mleteeni kofia yake."

Tulianza kugawa, wazee kwanza. Shangazi Elena alikuwa ananipa, mimi nawapa wao. Wale wazee walipitisha mikono kwenye rundo la glavu safi wakaziacha. Walikuwa wanachagua zenye doa.

Januari 15
Ndege saa nne. Shangazi ameondoka nayo. Mlangoni alidai orodha ya mwakani, kwa kuwa nyumba ya Katya itapokea Nyota, na amesema nitakwenda mimi tena. Sikutazama nyuma kumtafuta Nastasia mwingine. Nimemwandikia:

Inafaa: glavu, soksi, taulo, chai, nepi daima.
Haifai: viazi, mayonezi, karatasi za chooni, chochote chenye maji.
Juisi ya zabibu: haifai. Chupa mbili, mapajani mwangu.

Nikiandika haya natazama mtoni kupitia dirisha. Wanaume wanavuta wavu kutoka chini ya barafu, sita au saba, kila mmoja akivuta kwa zamu. Sitambui nyuso, ni mbali. Mikono ya zambarau naitambua.